Mwalimu wa Kwaya Asiyevuta Pumzi

Fungua kompyuta yoyote yenye Windows, ingia diski C, kisha Windows, kisha System32, kisha drivers. Humo utakuta faili linaloitwa gm.dls. Lina megabaiti 3 na kitu, yaani ni dogo kuliko wimbo mmoja wa Bongo Fleva uliorekodiwa vizuri. Lakini ndani yake mna piano, kinanda cha kanisani, filimbi, tarumbeta, fidla, ngoma za aina aina, kwaya inayoimba "aa" mpaka uizime mwenyewe, hata mlio wa helikopta na makofi ya watu wasiojulikana. Wengi wanaomiliki kompyuta hawana habari kwamba wamenunua na bendi. Sisi walimu wa kwaya za vijijini tunayo habari hiyo, kwa sababu faili hilo limetusaidia kufundisha nyimbo nyingi kuliko mgeni yeyote aliyewahi kuletwa Ihanja kuendesha semina.

Ihanja iko wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Watu huijua Singida kwa alizeti, vitunguu, na kuku wa kienyeji wanaosafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam. Mimi ningeongeza kwaya. Huku mtu anaweza kukosa ng'ombe, akakosa hata mke, lakini kwaya ya kuimbia hakosi. Wakatoliki tuna zetu chini ya Jimbo la Singida, lililoundwa mwaka 1972 na kupewa Bernard Mabula kuwa askofu wake wa kwanza. Walutheri wana zao chini ya Dayosisi ya Kati ya KKKT. Na hakuna kigango wala mtaa unaokubali kwamba jirani anaimba vizuri zaidi. Mimi niliingia kwaya ya kigango nikiwa sauti ya tatu, nikaishia kuwa mwalimu kwa sababu aliyekuwapo alihamia Manyoni na hapakuwa na mwingine aliyejua kusoma nota. Ualimu wa kwaya mara nyingi hupatikana hivyo.

Kabla ya kompyuta kulikuwa na ubao. Solfa tuliyoandikiwa ubaoni ilizaliwa Uingereza katika karne ya 19: Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeianzisha, mchungaji John Curwen akaieneza, na wamisionari wakaipenda kwa kuwa haikudai kinanda wala karatasi ya mistari mitano. Chaki na koo vilitosha. Ziliandikwa safu nne za d, r, m, f, s, l, t, zenye nukta na vistari vya kupimia mapigo, na mwalimu akaanza na besi, maana besi ndio wagumu kuliko wote. Aliimba mstari, wakaurudia. Aliuimba tena, wakaurudia tena, mpaka giza likaingia. Wimbo mmoja wa Noeli uliweza kumaliza Majilio yote. Sauti waliyoifuata wanakwaya ilikuwa ya mwalimu mwenyewe, na kama mwalimu alikuwa na mafua, kwaya nzima ilijifunza wimbo pamoja na mafua.

Lakini solfa haikutuletea nyimbo za Ulaya peke yake. Howard Olson, mmisionari Mlutheri kutoka Marekani aliyefika Tanganyika mwaka 1946, aliisoma lugha yetu kwa bidii mpaka tasnifu yake ya mwaka 1964 ikawa juu ya sauti na maumbo ya Kirimi, ambacho ndicho Kinyaturu. Baadaye alifundisha chuo cha teolojia cha Makumira, na kazi yake kubwa ikawa kukusanya tuni za Kiafrika na kuziandika ziimbwe kanisani. Kitabu chake cha mwaka 1977, Lead Us, Lord, kilizipeleka tuni hizo kwa Walutheri wa ng'ambo. Upande wetu Wakatoliki, Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake juu ya liturujia, iliyotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Ngoma, ambayo zamani iliishia nje ya mlango wa kanisa, ikapewa nafasi karibu na altare. Kwa hiyo midi, yaani lugha ambayo vinanda vya umeme na kompyuta huongea, haikutukuta mikono mitupu.

Midi yenyewe ilionekana hadharani Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko Anaheim, California. Vinanda viwili vya makampuni hasimu, Prophet-600 cha Sequential Circuits ya Marekani na Jupiter-6 cha Roland ya Japani, viliunganishwa kwa waya. Ukibonyeza hiki, kile kinalia. Hadi siku hiyo kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, na chombo cha huyu hakikusikia cha yule. Waliolipigania jambo hilo zaidi walikuwa Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, na mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Hawakudai malipo kwa kila atakayeitumia. Ndiyo maana imetufikia hata sisi.

Huku nyumbani, mwaka huo wa 1983 kompyuta ilikuwa kitu cha kusikia tu. Wizara ya Fedha iliweka ya kwanza mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na runinga nchini, katazo ambalo lililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Wakati Wajapani na Wamarekani wanaviunganisha vinanda vyao kwa waya, kwetu fundi wa redio ndiye aliyekuwa mtaalamu wa elektroniki, na kanisa lenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu lilijiona tajiri.

Sasa, ili mtu aelewe kilichotokea baadaye, lazima ajue kwamba faili la midi halina sauti ndani yake. Lina maagizo. Linasema: bonyeza nota namba 60, kwa nguvu ya 90 kati ya 127, kwenye chaneli ya 1, iachie baada ya mapigo mawili. Basi. Ni ubao wa solfa ulioandikiwa mashine. Ndiyo maana wimbo wa kwaya wa sauti nne, wenye beti na kiitikio, hukaa ndani ya kilobaiti 10 au 20, wakati wimbo huohuo ukirekodiwa kwa MP3 unataka megabaiti kadhaa. Disketi moja ya zamani ingebeba nyimbo za mwaka mzima wa Kanisa na nafasi ikabaki. Kwa sehemu ambayo mtandao ulikuwa ukipatikana juu ya jiwe fulani tu, na hapo uinue mkono, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini ubao hauimbi. Lazima awepo mwenye koo. Mwaka 1991 makampuni yalikubaliana juu ya orodha moja ya sauti 128, ikaitwa General MIDI, ili namba ya sauti iwe na maana ileile kila mahali. Namba 1 ni piano. 20 ni kinanda kikubwa cha kanisani. 53 ni kwaya ya "aa", 54 ni kwaya ya "uu". 74 ni filimbi. 127 ni makofi na 128 ni mlio wa bunduki, ambao sijawahi kukutana na mtunzi wa nyimbo za Misa aliyeutumia. Chaneli ya 10 ikaachiwa ngoma na vya kugonga. Orodha ilikuwa moja, lakini koo zilitofautiana. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitegemea chipu ndogo ya Yamaha kwenye kadi ya sauti, ambayo haikuwa na rekodi ya chombo chochote. Ilizitengeneza sauti zake kwa hesabu, kwa ufundi uliogunduliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Filimbi yake ililia kama filimbi ukishaambiwa kwamba hiyo ni filimbi.

Microsoft ilimaliza tatizo hilo kwa kukodi sauti kutoka Roland. Haki iliyoandikwa ndani ya gm.dls ni ya Roland, ya mwaka 1996. Humo mna vipande vifupi sana vya rekodi za vyombo halisi, vimebanwa na kukatwakatwa mpaka vikaenea kwenye hizo megabaiti 3, na kuanzia matoleo ya Windows ya mwishoni mwa miaka ya 1990 vilikuja na mashine, bila kununua kadi wala kinanda. Mtu wa Japani aliamua piano isikike vipi, na mtu wa Ihanja akaisikia hivyohivyo.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, midi ilipitia mfukoni kabla ya kufika mezani. Mwaka 2002 Nokia ilitoa simu ya 3510, ya kwanza kwao kupiga mlio wa sauti kadhaa kwa pamoja, na hiyo ilikuwa midi. Mlio ukaanza kuwa na besi yake na ngoma yake. Vijana walibadilishana milio sokoni, na wanakwaya wakagundua kwamba ndani ya simu mnaweza kukaa wimbo wa kanisa wenye sauti zote nne. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mbu, lakini nota zilikuwa sahihi, na kwa mwalimu wa kwaya usahihi unatosha.

Kompyuta ilifuata. Kwetu haikuja kwa mradi wala kwa msaada. Ilikuja mgongoni mwa walimu wapya wa sekondari na vijana waliotoka seminari, wenye kompyuta mpakato zilizotumika Ulaya na betri zisizodumu nusu saa. Watunzi wa mijini walikuwa wameshahamia Finale, programu ya kuandikia nota iliyotoka Marekani mwaka 1988, au Sibelius ya ndugu mapacha wa Uingereza, Ben na Jonathan Finn. Mtunzi akimaliza wimbo alitoa vitu viwili, karatasi ya nota na midi yake. Vilisafiri kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, kisha vikaanza kuwekwa kwenye mtandao wa Swahili Music Notes, ambako mpaka leo zinapatikana nota za nyimbo nyingi za kwaya zetu. Ulikuwa ukienda Singida mjini kuuza alizeti, unapita steshenari, unachapisha nota, unarudi na flashi shingoni kama rozari.

Mazoezi yalibadilika siku kompyuta ilipofika. Kompyuta iliwekwa juu ya benchi la mbele, spika ndogo pembeni, waya ukipita dirishani kwenda kwenye betri ya sola, maana umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulikuwa bado. Nilizima sauti tatu nikawaachia besi yao peke yake. Nikaipunguza mwendo hadi nusu, na hapo ndipo wazee wa besi waliposhangaa: kaseti ukiipunguza mwendo inaanza kunguruma, lakini hii ilikwenda taratibu na nota zikabaki palepale. Nikawawekea tarumbeta ili wasikie juu ya upepo uliokuwa ukigonga bati. Sauti ya kwanza niliipa filimbi, ya pili klarineti, ya tatu selo, na kila kundi likajua chombo chake hivi kwamba watoto waliokuwa wakicheza nje walianza kuwaita akina mama wa sauti ya pili "klarineti". Wimbo uliokuwa ukichukua Majilio yote ukakaa vichwani kwa Jumamosi mbili.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza, aliyeimba tangu enzi za Misa ya Kilatini, alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mwalimu, huyu wako anapumua wapi?" Nikamwambia hapumui, mama, ni mashine. Akasema, "Basi asitufundishe sisi tunaopumua."

Alikuwa ameona tatizo kabla yangu. Kwaya iliyofundishwa na midi huitambui kwa nota, maana nota zake ni safi. Unaitambua kwa pumzi. Wanaimba mstari mzima bila kukata, kisha wanakata katikati ya neno, kwa sababu walichokisikia hakikuwa na maneno. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwimbaji aliyejifunza kwa "aa" ya namba 53 huutupa popote pigo zito linapoangukia. Nimesikia "Bwana" ikiimbwa kwa mkazo wa mwisho, na watu mia wakaitikia vilevile kwa imani kubwa. Mahali ambapo mtunzi ametaka sauti isubiri kidogo, mashine huhesabu na kupita. Wanakwaya nao wakajifunza kuhesabu na kupita. Ukiwa na masikio ya zamani, unaweza kukaa kwenye mashindano ya kwaya ya jimbo na kuhesabu ni zipi zimefundishwa na mtu na ni zipi zimefundishwa na kompyuta.

Ngoma ndiyo iliyoumia zaidi. Kwenye chaneli ya 10, nota za 60 na 61 ni bongo, na za 62 hadi 64 ni konga, zote ngoma za Kuba. Ngoma za huku hazimo. Mtunzi anayetaka mapigo ya kwao huazima konga, na konga ya gm.dls hupigwa kila mara kwa kofi lilelile, mahali palepale pa ngozi. Vijana wetu waliipenda, wakaanza kupiga ngoma halisi kwa kuiga konga ya kompyuta. Hiyo kwangu ni kinyume cha mambo.

Katika orodha ya 128 Afrika inawakilishwa na namba 109, kalimba. Hata hiyo ina historia yake. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka kusini na mashariki mwa Afrika akirekodi muziki, na aliyepita Tanganyika mwaka 1950, ndiye aliyeanza mwaka 1954 kutengeneza kalimba za kuuza huko Afrika Kusini, zikiwa zimewekwa kwenye ngazi ya sauti za kizungu. Kiwanda kikaipeleka duniani, na iliyoingia kwenye kompyuta hufuata piano. Majirani zetu Wagogo wanayo ya kwao, ilimba, ambayo hayati Hukwe Zawose aliifanya isikike Ulaya na Japani kabla ya kufariki mwaka 2003. Ilimba na zeze vya Wagogo hufuata sauti zinazozaliwa na uzi wenyewe unapotetemeka: ya tano katika mfuatano huo iko chini kidogo kuliko nota yake kwenye piano, na ya saba iko chini zaidi, karibu theluthi moja ya nusu-toni. Sikio lililozoea linaitambua mara moja. Ukiiandika kwenye Finale na kubonyeza 109, kompyuta inainyoosha bila kukuuliza, na mtoto anayeisikia hivyo kwanza atakuja kumwambia babu yake kwamba zeze lake limekosea.

Mambo yanageuka tena. Agosti 2024 wenye Finale walitangaza kwamba hawaiendelezi zaidi, na watunzi vijana wako kwenye MuseScore, ambayo ni ya bure na inakuja na sauti nzuri kuliko za gm.dls. Wengine hawaandiki kabisa. Wanaimba sauti nne mmoja mmoja kwenye simu na kuzituma kwa WhatsApp. Naiona kuwa ni solfa ya ubaoni imerudi, na mafua yake. Sina ugomvi nayo, angalau anayefundisha anavuta pumzi. Ila midi nyingi za miaka ya 2000 zimebaki kwenye flashi zilizokufa, na nyimbo nyingine hazikuwahi kuchapishwa kwa njia yoyote nyingine. Mwenye flashi ya zamani ya kwaya asiitupe kabla ya kuipeleka kwa mtu anayeweza kuifungua.

Na kuna kazi moja ambayo haisubiri Japani wala Marekani. Tangu miaka ya 1990 kuna aina ya faili, SoundFont, inayomruhusu yeyote kuweka sauti zake mwenyewe mahali pa zile za kiwandani, na programu ya kuitengenezea, Polyphone, haiuzwi. Kinachokosekana ni rekodi. Kwa hiyo wewe mwenye babu anayepiga zeze au marimba, au mama anayejua ngoma ya hapa kwetu, chukua simu. Mketishe ndani, pasipo upepo. Mwombe apige nota moja, asubiri iishe yenyewe, kisha ya pili, kisha ya tatu, kwa nguvu na kwa upole, na usiinyooshe hata moja. Andika jina lake, kijiji na tarehe. Kisha ziletee kwaya yako. Kijana wa kuziingiza kwenye kompyuta hatakosekana.